Sura ya Sita: Sifuri ya Tisa

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Anne-Marie Maliro alikuwa amebakiwa na saa nane. Sheria ilimruhusu kumshikilia mtu kwa saa arobaini na nane tu, na Débora alikuwa amekamatwa Jumatano saa kumi alasiri. Ikifika saa kumi leo, ama amwachilie, ama ampeleke kwa mwendesha mashtaka pamoja na faili lake. Na kwa jinsi faili lilivyokuwa, mwendesha mashtaka angemtuma Débora gerezani kabla chai yake haijapoa.

Faili lilikuwa na karatasi nne. Débora alikuwa mtunza kumbukumbu wa Nyumba ya Sauti, shirika dogo la Butembo linalowatafutia wazazi watoto waliopotezana nao wakati wa kukimbia vijiji. Kila mtoto alirekodiwa: jina lake, jina la mama yake, kijiji chake, na wimbo mmoja aliozoea kuimbiwa nyumbani. Sauti elfu moja mia moja na arobaini zilikuwa zimehifadhiwa kwenye seva, na kwa kila sauti kuliandikwa jina la familia inayomlea mtoto huyo kwa sasa. Jumatano zilitoweka zote. Seva ilionyesha kwamba aliyezichukua aliingia kwa jina la Débora, akaanza saa sita na dakika arobaini na moja mchana, akamaliza saa sita na dakika arobaini na saba. Saa hiyo wenzake wote walikuwa makaburini wakimzika kaka yake mlinzi wa lango. Ofisini alibaki Débora peke yake.

Kesi nyepesi. Maliro alikuwa na miaka kumi na miwili katika upelelezi, na kesi nyepesi alizichukia kuliko nzito, kwa sababu mzigo mwepesi mara nyingi umefungwa na mtu mwingine.

Akaagiza mshukiwa aletwe kutoka cachot, mahabusu ya kituo. Débora aliingia na kitenge chake cha juzi, nywele amezifunga vizuri, na kwapani amebana daftari la shule.

"Ulilala, mama Débora?"

"Kidogo tu. Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani mu cachot?"

Débora akaliweka daftari mezani. Kurasa zilijaa mwandiko mdogo, mstari juu ya mstari: jina, umri, kijiji, alama ya mwili, familia ya malezi.

"Ni batoto," akasema. "Ninaandika bale ninakumbuka mu kichwa. Nimefika ku mia tatu na kumi na mbili. Nikisahau moja, ule nani atamukumbuka?"

Maliro alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Aliyeiba ghala zima haketi usiku kuokota punje moja moja, hilo alilijua. Lakini mwendesha mashtaka hapokei daftari la mshukiwa kama ushahidi, na hilo pia alilijua.

"Mercredi saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Mu chumba yangu ya archives. Nilifunga mulango juu ya kelele ya groupe ya umeme, nikavaa casque. Nilikuwa nasikiliza batoto ba Mbau."

"Haukusikia mutu kuingia mu nyumba?"

"Na casque mu masikio? Hata mabati ingeanguka, singesikia."

"Neno lako la siri, nani mwingine analijua?"

Débora akatazama mikono yake. "Muulize directeur."

"Ninakuuliza weye."

"Mama inspecteur, mi nikisema, batasema ninajitetea. Muulize yeye. Lakini hapana kumuuliza na mudomo. Mupe kazi ya kufanya, utaona."

Maliro akalifunga daftari na kumrudishia. Halafu akamwita dereva wake, Muyisa, na wakatoka kuisukuma jeep ya polisi, ambayo tangu Krismasi ilikuwa haikubali kuwaka mpaka isukumwe. Muyisa alijifunza kuiegesha kwenye miteremko, na Butembo, kwa bahati, ni mji wa miteremko.

*

Mkurugenzi wa Nyumba ya Sauti aliitwa Siméon. Alikuwa mtu wa kunyoosha shati na kunyoosha maneno, mwalimu wa kwaya kanisani kwake, na alimpokea inspekta kwa heshima zote na kiti kilichopanguswa.

"Hapa kwetu, mama inspecteur, kila mufanyakazi iko na jina yake mu seva na mot de passe yake. Tuliandikia hata bafadhili. Donc seva ikisema Débora, ni Débora."

"Nimeelewa, papa directeur. Nionyeshe tu fasi archives zilikuwa."

Siméon alikaa mbele ya kompyuta ya studio, akabonyeza seva, na dirisha dogo likatokea kuuliza jina. Vidole vyake vikaandika d, e, b, o, r, a, vikashuka mstari wa pili, vikaandika neno la siri, vikabonyeza. Ilikuwa haraka na laini, kazi ya mikono iliyozoea. Kisha vidole vikasimama hewani.

Nyuma yao Jéthro, fundi wa mitambo, alikohoa.

"Mot de passe ya Débora," Maliro akasema taratibu, "papa directeur anaijua vizuri."

"Ni… ilikuwa kwa haraka ya kazi," Siméon akasema, akiondoa mikono kwenye kompyuta.

Jéthro akaona afadhali yaishe. "Bote tunatumia ile, mama. Siku ya kwanza ya seva nilitengeneza jina ya Débora juu ya kujaribia. Ikatembea. Ikatembea, basi tukaiacha. Mot de passe iko pale." Akaonyesha kalenda ya parokia karibu na mlango, ambapo mtu alikuwa ameandika neno hilo kwa kalamu nyekundu juu ya mwezi wa kwanza.

Kumbe jina la Débora lilikuwa sufuria ya kanisa: kila mwenye wageni aliliazima, na anayelaumiwa likiungua ni mwenye jina. Maliro aliandika hayo kwenye hati yake bila kuongeza chumvi. Siméon alisoma, akatia sahihi, lakini hakukubali kushindwa.

"Mais hata kama bote tunaijua, mercredi bote tulikuwa ku makaburi. Yeye peke alibakia mu nyumba."

Neno hilo lilikuwa na uzito, na Maliro hakulipinga. Akamgeukia fundi.

"Ile archives yote iko na uzito gani?"

"Giga makumi tatu na sita."

"Na ilitoka mu dakika sita. Inawezekana?"

Jéthro akasogea karibu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano mtu alikuwa amemuuliza swali la kazi yake. "Inategemea na câble, mama. Machine na câble binapatana mwendo kwanza, mbele ya kubeba kitu. Ngoja tuulize."

Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha yoyote, akaandika mstari mmoja:

wmic nic where netEnabled=true get name, speed

Kompyuta ikafikiri, kisha ikajibu kwa jina la kadi yake ya mtandao, na mbele yake namba: 100000000. Maliro alisogeza kiti, akazihesabu sifuri kwa ncha ya kalamu, moja moja. Zilikuwa nane.

"Hii ndiyo mwendo," Jéthro akasema. "Bits milioni mia moja kwa seconde. Haiwezi kupita pale."

"Fanya hesabu. Hapana mu téléphone, mu karatasi. Ku parquet, kwa mwendesha mashtaka, wanapenda kuona hesabu."

Jéthro alipiga hesabu, ulimi ukiwa kando ya mdomo. Giga thelathini na sita, kila moja bits bilioni nane, jumla bilioni mia mbili themanini na nane. Akagawanya kwa milioni mia. Sekunde elfu mbili mia nane na themanini. Akagawanya kwa sitini, akainua uso.

"Dakika makumi ine na munane. Kama câble haikuchoka."

Arobaini na nane tena, Maliro akawaza. Namba hii imeamua kumfuata wiki nzima. "Hii ni ya studio. Twende kwa ile ya Débora."

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa upande wa pili wa ukuta, kidogo, na casque bado imelala juu ya meza ilipovuliwa Jumatano. Jéthro aliandika mstari uleule. Namba ikatoka ileile, sifuri zilezile nane.

"Juu ya nini zote mbili zinafanana?"

Fundi akaona haya kidogo. Alipiga magoti, akaondoa kipande cha mbao chini ya ukuta, akamwonyesha. Waya mmoja tu wa mtandao ulikuwa unafika pale. Mwishoni alikuwa ameupasua, nyaya nne akazielekeza studio, nyaya nne kwa Débora, kila upande na kichwa chake.

"Câble iliisha, mama. Mu câble moja muko nyuzi munane, na machine moja inatembea hata na ine. Nikasema, juu ya nini tununue ingine?"

Maliro hakuweza kuzuia tabasamu. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Butembo, na alilelewa katika nyumba ambamo kiberiti kilipasuliwa mara mbili. "Na nyuzi ine hazifike zaidi ya milioni mia?"

"Hata ukiziombea. Kupata milliard, ile bilioni moja, lazima zote munane."

"Donc mutu mwenye alikaa ku hii kiti asingemaliza kazi mu dakika sita."

"Angemaliza saa saba na nusu, mama. Na bale ba ku makaburi bangemukuta."

Maliro alifurahi, wala hakuficha. Alimpa Jéthro hati ya hesabu aitie sahihi. Siméon, aliyesimama mlangoni, akasafisha koo.

"Pengine alikwenda ku machine ingine. Ku bureau yangu, kwa mfano. Mimi niko na câble nzima."

Maliro akamtazama mtu aliyetoka kujitaja mwenyewe. Kwa muda wa pumzi mbili alimweka Siméon mahali pa Débora, akaona jinsi anavyoenea: neno la siri analo, waya mzima anao, na amekuwa mwepesi mno kumnyooshea mwingine kidole.

"Bureau yako, mercredi, ilikuwa na ufunguo?"

"Ilifungwa. Ufunguo iko inaning'inia ku cuisine, ku musumari."

"Bote banaijua ule musumari?"

Siméon akatazama upande wa jikoni, na hilo lilikuwa jibu.

Ofisini kwa mkurugenzi, Jéthro aliandika mstari wake kwa mara ya tatu. Safari hii hapakuja namba. Mashine ilijibu kwa maneno matatu ya Kifaransa: Aucune instance disponible.

"Tangu mercredi internet yangu ilikufa," Siméon akalalamika. "Nilizani ni bale ba connexion."

Jéthro akaingia chini ya meza. "Mama, hapana kugusa kitu. Angalia." Maliro akainama naye. Waya ulikuwa umechomekwa nusu nyuma ya kompyuta, kichwa kimeegemea tu, kijiti chake cha kushikilia kikiwa nje. Mtu alikuwa ameuchomoa na kuurudisha kwa haraka.

Maliro akaupiga picha kwanza. Kisha akamruhusu fundi ausukume. Ukalia tik, na mstari ukaandikwa upya. 100000000. Sifuri nane.

"Hata hapa?"

"Câble iko muzima, seva iko mupya, sanduku ya réseau, ile inagawa mtandao, nayo ni mupya. Machine ya directeur njo muzee. Kadi yake haijue kupita milioni mia."

Siméon alishusha pumzi kwa sauti. Maliro aliketi kwenye kiti cha mkurugenzi akayapanga yote mezani, kwa sauti, maana aliona kila aliyeko pale anastahili kusikia. Sauti zilitoka kwa dakika sita. Mwendo huo unahitaji waya wa nyuzi nane, na waya wa nyuzi nane uko mmoja tu, huu. Lakini hakuna hata mashine moja ya nyumba hii inayoweza mwendo huo. Basi mtu aliingia na mashine yake, akachukua ufunguo msumarini, akauchomoa waya hapa, na akaondoka.

"Nani iko na machine mupya?"

Jéthro na Siméon walitazamana. Fundi ndiye aliyesema, na alisema kwa huzuni. "Bafadhili balileta portable moja, machine ya kubeba mukononi. Ilikwenda Beni. Iko kwa Salomon, mwenye anaongoza bureau yetu ya kule."

"Salomon alikuja mercredi?"

"Alikuja kwa kilio," Siméon akasema. "Lakini alitukuta tunamaliza kumwaga udongo. Alisema pikipiki yake ilipata pancha ku Kalunguta, mu njia ya Beni."

Maliro akaifunga ofisi kwa karatasi na lakiri ya polisi, waya na yote yaliyomo, asiingie mtu mpaka hakimu aruhusu. Akamwomba Jéthro amwandikie ule mstari kwenye kijitabu chake kwa herufi kubwa, pamoja na maelekezo, na ampe kipande kifupi cha waya mzima wa nyuzi nane. Ilikuwa saa nne na robo.

*

Barabara ya Beni ilikuwa kavu siku hiyo, na Muyisa aliendesha kwa bidii ya mtu asiyetaka kuzima injini njiani. Saa sita kasoro waliegesha kwenye kamteremko mbele ya ofisi ya Nyumba ya Sauti, komini ya Ruwenzori. Ilikuwa chumba kimoja na baraza. Kwenye benchi la baraza waliketi wanawake wanne na mzee mmoja. Wa kwanza kwenye benchi, mama mwembamba mwenye viatu vya plastiki, alisimama alipoona sare.

"Mumeleta sauti?" akauliza.

"Bado, mama. Unaitwa nani?"

"Bénite. Natoka Mbau. Ni mara yangu ya ine kuja. Ninatafuta mutoto wangu, Shekinah."

Maliro alimshika mkono, akaingia ndani. Salomon alikuwa mezani, mtu wa makamo, mpole, mwenye ndevu chache. Alimwona inspekta, na uso wake ukafanya jambo ambalo nyuso za wasio na hatia hazifanyi: ulitulia.

"Bwana Salomon, ninaomba musaada ya kazi," Maliro akasema. "Fungua portable yako. Zima Wi-Fi. Hii câble, ingiza hapa na ku sanduku ya réseau. Sasa andika vile ninasoma."

Akasoma kutoka kijitabuni, neno kwa neno. Salomon aliandika kwa vidole viwili. Jibu likatoka: 1000000000. Maliro akainama, akahesabu kwa kalamu. Alipofika ya nane hakusimama.

"Tisa," akasema. "Ku Butembo, mu nyumba yenu yote, tulihesabu munane tu. Ile pancha ya Kalunguta, nani aliifunga?"

"Ni… kijana moja ya njia."

"Jina?"

"Sikumuuliza."

"Tutasimama pale wakati wa kurudi, umuonyeshe."

Nje Bénite alisikika akikohoa. Salomon akatazama mlango. "Mama inspecteur, ninaomba tufunge mulango."

"Hapana. Uache wazi."

Ndipo akasema, polepole, macho kwenye zile sifuri. Alimwandikia mkurugenzi barua nne, akiomba nakala ya sauti ikae Beni. Wazazi wengi walitoka Mbau na Oicha, na kila mara alilazimika kuwaambia waende Butembo, watu wasio na hata nauli ya kurudi kwao. Mkurugenzi alijibu mara nne kwamba sauti haziondoki Butembo. Jumatano alifika, akakuta nyumba kimya, ufunguo msumarini.

"Nilitaka kukopia tu. Nichukue mufano yake, yenyewe ibakie. Nilikuwa na haraka. Mu nafasi ya copier nilifanya couper, kukata. Machine ikabeba yote, ikafuta kule nyuma. Sikuona. Niliona hapa Beni, jioni, wakati Jéthro alinipigia téléphone kusema banamushika Débora."

"Na weye ukasema nini?"

"Nikasema, pole."

"Pole." Maliro alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, akaiacha ipande. "Siku mbili Débora iko analala ku simenti juu ya kidole yako moja, na weye ukasema pole."

"Nilisema Jumatatu nitarudisha, hakuna atajua. Nilisikia haya, mama. Haya ikazaa woga."

"Sauti ziko?"

"Zote. Elfu moja mia moja na arobaini. Sikugusa hata moja."

Maliro alivuta pumzi ndefu. Ziko. Akaiandika namba hiyo kwenye hati. Lakini alikuwa bado na swali moja, na halikuwa la hati.

"Ule mama wa Mbau, ku banc. Tangu mercredi sauti ya mutoto wake iko mu mufuko yako. Ulimusikilizisha?"

Salomon akatikisa kichwa. "Bangejua ninazo," akasema, na akafunika uso kwa viganja.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtu aliyeiba kwa ajili ya wale wa benchini alikuwa amewanyima wale wa benchini, na hakuna mwendesha mashtaka ambaye angemwambia neno chungu kuliko hilo. Maliro aliitia kompyuta katika bahasha, akaifunga kwa lakiri, isifunguliwe ila mbele ya mkurugenzi na fundi. Akatoka barazani.

"Mama Bénite, panda gari. Tunakwenda Butembo."

Waliisukuma jeep, Salomon akisukuma kwa nguvu kuliko wote. Kalunguta walisimama dakika kumi kwenye kizuizi cha askari, Bénite akitazama nje ya dirisha migomba na watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule, mmoja mmoja, kama alivyozoea kutazama kila mtoto. Hakuna aliyeomba kuonyeshwa fundi wa pancha.

*

Saa tisa na dakika ishirini Débora alitia sahihi karatasi ya kuachiliwa. Salomon alikuwa amekwisha kutia yake: angejileta mwenyewe mbele ya hakimu siku ya Jumatatu. Walikutana kwenye korido ya polisi, na Salomon akampisha njia.

"Yaya Salomon, kaka yangu," Débora akamwambia, "ungenipigia hata bip."

Hakwenda nyumbani kuoga. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwake Nyumba ya Sauti, daftari kwapani, na wote wakamfuata. Lakiri ya bahasha ikakatwa, Jéthro akauliza kompyuta iunganishwe wapi, na hapo Maliro akakumbuka jambo. Waya mzima, pamoja na sanduku la mtandao, ulikuwa ndani ya ofisi ya mkurugenzi, na ofisi ya mkurugenzi ilikuwa imefungwa kwa lakiri yake mwenyewe.

"Basi ni hii ya nyuzi ine," Jéthro akasema, akajitahidi asicheke.

Sauti zikaanza kurudi. Mashine ikaandika: dakika arobaini na nane. Kwa sheria hakuna faili lililoruhusiwa kufunguliwa mpaka zote zifike na zihesabiwe. Bénite aliketi, mikono juu ya mapaja, akitazama mstari wa kijani unaotambaa. Siméon alisimama nyuma yake, akaona vile viatu vya plastiki, akaona na ule waya uliopasuliwa.

"Jéthro. Câble nzima mpaka hapa inaomba mètre ngapi?"

"Makumi mbili na mbili, directeur."

"Ununue. Na ingine ya Beni. Na kesho kila mutu apate jina yake." Akamgeukia Débora, akakosa pa kuweka mikono. "Mama, nilikosa."

"Ni kweli, papa," Débora akasema, wala hakuongeza. Alikuwa anamtazama Bénite. "Mama, mutoto wako anaitwa nani?"

"Shekinah."

"Wa Mbau? Iko na alama ya moto ku mukono ya kushoto?"

Bénite alisimama. Débora alilamba kidole, akafungua daftari, ukurasa, ukurasa mwingine. Mstari wa kijani ulikuwa bado haujafika hata robo.

"Mia mbili na sitini na moja. Shekinah, myaka saba. Aliimba wimbo ya kuvuna maharagi. Iko kwa mama Kahongya, nyuma ya chapelle. Kalunguta."

"Kalunguta wapi?"

"Kalunguta hii ya njia, mama. Leo mumepita mbele ya mulango wake."

Bénite hakulia. Alisema "Wasingya," yaani asante kwa Kinande, mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akauliza kama gari bado liko. Muyisa alikuwa tayari ametoka na ufunguo.

Maliro alitazama saa. Kumi kasoro dakika tano. Zilikuwa zimebaki dakika tano za zile saa alizopewa na sheria, na safari hii Muyisa alikuwa ameegesha kwenye tambarare. Bénite akapanda mbele, Débora akapanda kando yake na daftari magotini. Nyuma ya jeep wakajipanga mkurugenzi na shati lake lililonyooshwa, Jéthro, Salomon, na inspekta, mabega yamegusana, wakasukuma. Iliwaka mara ya pili.